Mantiki Imeenda Kupiga Ramli

Mnawakumbuka wale vijana wa Marekani waliokuwa wakikesha mtandaoni kuwasuta wenye dini? Mwanabiolojia Richard Dawkins alipotoa kitabu chake cha kumkana Mungu, The God Delusion, mwaka 2006, walikibeba kama msahafu. Ukisema "inshallah" tu, unadaiwa ushahidi.

Mwaka 2009 Eliezer Yudkowsky, mwandishi wa mambo ya akili bandia, akawafungulia LessWrong, baraza la mtandaoni la kunoa akili kwa kanuni ya Bayes, ile hesabu ya kupima upya uwezekano kila ushahidi mpya ukija. Mwaka uliofuata mwenzao mmoja akawatonya: huenda siku moja ikaja mashine yenye akili kupindukia, imwadhibu kila aliyejua inakuja asisaidie kuiunda. Wapo waliokosa usingizi, na mjadala wenyewe ukapigwa marufuku. Mungu hayupo, ila jehanamu ya kompyuta, hiyo tujihadhari nayo!

Leo baadhi yao wanachanganya karata za taroti na kusomewa nyota kwenye simu. Ukiwauliza, wanajibu kwa upole: "Siyo kwamba naamini, inanisaidia tu kupanga mawazo."

Bibi yangu naye alipofukiza ubani jioni hakudai zaidi ya hapo. Ila yeye hakuzungukia kwa Bayes.

Karibuni, wapendwa. Chetezo ki moto. Kanuni yenu iacheni mlangoni, pale penye viatu.