Namna ya Kuonja Bia Chungu Bila Kukunja Uso

Siku itafika, hasa kama unaishi Marekani na wafanyakazi wenzako wameanza kukualika kwao, utakapowekewa mbele yako glasi ndogo ya kinywaji chenye rangi ya asali, halafu watu wanne wanyamaze wakikutazama. Si bia ya hivi hivi. Ni IPA maradufu, imepikwa na kiwanda kidogo ambacho mwenye nyumba anamwita mpishi wake kwa jina, na bei yake ingekupatia sahani ya chakula cha mchana. Wanasubiri useme kitu. Ukisema "tamu", umekwisha. Ukisema "chungu", umekwisha zaidi, maana uchungu ndio walioulipia.

Mwongozo huu ni wa dakika hiyo. Kama hunywi pombe, soma tu, kama tunavyosoma habari za mpira wa kwenye barafu.

Kwanza tuliza moyo. Kwenye uchungu wewe si mgeni. Ulikunywa mwarobaini shangazi akiwa amekubana pua. Kidonge cha klorokwini kilikugomea kooni mpaka kikayeyuka. Pengine hata ziwa la mama uliliacha kwa sababu siku moja lilipakwa shubiri. Hawa wenzako wameanza mafunzo ukubwani, kwa hiari yao, kwa kadi ya benki. Tofauti yenu ni kwamba wewe ulifundishwa umeze unyamaze, na wao hawajahesabu kuwa wamemeza mpaka waeleze. Ulimi unao. Kilichobaki ni maneno.

Lakini kabla ya kunywa utasimuliwa. Utaambiwa kwamba zamani bia ya Waingereza ilikuwa ikichacha baharini kuelekea India, mpaka mwenye akili mmoja wa London, George Hodgson, akavumbua bia kali iliyosheheni hopsi, na hiyo ndiyo India Pale Ale, kwa kifupi IPA. Itikia kwa kichwa. Si mahali pa kueleza kwamba hopsi nyingi zilikuwa zikitiwa kwenye bia za safari kabla yake, wala kwamba bia nyeusi ya porter ilivuka bahari ileile na kufika salama, ikanywewa na askari. Siri ya Hodgson ingeeleweka mara moja na muuza duka yeyote wa Kariakoo: kiwanda chake kilikuwa Bow, jirani na gati za Blackwall walikopakilia manahodha wa Kampuni ya India Mashariki, na aliwakopesha kwa muda mrefu. Jirani anayekopesha hashindwi na bia bora ya mbali. Miaka ya 1820 watengenezaji wa mji wa Burton waliingia kwenye soko hilo wakiwa na maji yao yenye chumvi za jasi, ambayo huufanya uchungu usikike mkavu na safi, na familia ya Hodgson ikajua maana ya ushindani. Jina lenyewe, la bia angavu ya India, lilichapishwa gazetini Sydney mwaka 1829. Na kama unapenda fahari za kwetu, zilizokuwa zikipita huku ni meli za kampuni hiyohiyo: zilizoea kutia nanga Nzwani, Komoro, kuteka maji.

Kitu kilichomo kwenye glasi yako, hata hivyo, ni Mkalifornia. Mwaka 1994, mjini Temecula, Vinnie Cilurzo alikuwa akizindua kiwanda chake cha Blind Pig kwa mitambo iliyochoka, akahofia ladha mbovu zisije zikajitokeza. Akaongeza kimea na akazidisha hopsi maradufu ili zifunike. Ndiyo, ni ile hekima ya pilau iliyoshika chini: ongeza bizari, usiseme kitu. Baadaye alihamia kiwanda cha Russian River, na huko ikazaliwa Pliny the Elder, yenye kileo cha asilimia 8, iliyopewa jina la mwanazuoni wa Kirumi aliyefia kwenye mlipuko wa Vesuvius mwaka 79. Mdogo wake, Pliny the Younger, hutolewa wiki chache tu kwa mwaka, na watu husimama foleni barabarani kwa saa nyingi kuipata. Foleni ya hiari! Usiwaambie ndugu nyumbani.

Sasa hopsi ni nini. Ni maua ya mmea unaopanda kwenye kamba, wa ukoo mmoja na bangi (hilo usilitaje mezani, kila mtu ana mzaha wake, na yote umeshaisikia). Yakichemshwa muda mrefu, asidi zake hubadilika na kuwa uchungu. Yakitiwa mwishoni, bia ikishapoa, hutoa zaidi harufu. Kwa hiyo kuna hopsi za kutia mapema na za kutia mwishoni, kama viungo vya mchuzi. Sam Calagione wa kiwanda cha Dogfish Head, kule Delaware, alikataa kuchagua: alitaka hopsi zidondoke kidogo kidogo kwa dakika 90 mfululizo, basi akachukua mchezo wa zamani wa mpira wa mezani, ule unaotetemeka kwa umeme, akauinamisha juu ya sufuria na kuuacha umwage. Bia hiyo ipo mpaka leo na watu wazima huizungumzia kwa sauti ya chini.

Uchungu wenyewe una kipimo, IBU, ambacho uniti yake moja ni takriban miligramu moja ya asidi hizo kwenye lita. IPA maradufu hucheza kati ya 60 na 100. Kuna waliovuka hapo, na wengine waliandika namba hiyo kwenye kopo kama wanasiasa wanavyoandika kura, ingawa ulimi wa kawaida ulikwisha acha kuhesabu.

Haya, tuonje. Baa zetu zina swali moja la kitaalamu: "Baridi au moto?" Hapa jibu ni hapana. Ikiwa baridi kabisa, harufu inalala. Ikiwa ya moto, pombe inapanda mbele na kukuchoma pua. Inatakiwa nyuzi 7 hadi 12 hivi. Litoe kopo kwenye friji, liweke mezani, kaa nalo robo saa mkitazamana. Ukiulizwa unafanya nini, sema unalisubiri lifunguke. Ukilifungua mara moja kwa kiu, umejieleza.

Kuhusu chombo, kuna mafarakano ambayo ni heri usiyaingie. Mwaka 2013 Spiegelau, watengenezaji wa glasi wa Ujerumani, walishirikiana na viwanda vya Dogfish Head na Sierra Nevada kutoa glasi maalumu ya IPA, yenye mikunjo kwenye kitako ili kila funda liamshe povu. Wakati huohuo Heady Topper, bia ya Vermont inayoheshimiwa kama sharifu, imeandikwa kwenye kopo lake kwamba inywewe kwenye kopo. Mfuate mwenye nyumba. Dhehebu la mwenyeji ndilo dhehebu lako mpaka utakapoaga.

Angalia povu kidogo, kwa heshima. Kisha nusa. Usivute kama ugoro: vuta mara mbili fupi, ondoa pua, tazama dari.

Hapa ndipo mashindano yanapoamuliwa. Wenzako watataja balungi, chungwa, pasheni, msonobari. Kuna hopsi zinazonuka kitunguu saumu, na nyingine, kwa uhalisia wote, mkojo wa paka, na mtu anaweza kulitaja hilo hadharani akiwa anasifia. Watataja pia embe. Sasa sikiliza: Mmarekani anaposema embe anamaanisha tunda moja, lile jekundu la dukani lenye stika, lililosafiri likiwa bichi. Wewe unajua dodo, bolibo, viringe, sindano. Unajua embe la asubuhi chini ya mti na embe lililoliwa na popo upande mmoja. Unajua harufu ya kikonyo kikikatika, ule utomvu unaorukia mkono na kuuchubua. Basi usiseme "embe". Sema "dodo, lakini karibu na kikonyo." Nyamaza. Utaona kichwa kimoja kinainama taratibu. Wala hutakuwa umewadanganya, kwa sababu mafuta yanayotawala harufu ya hopsi nyingi, mirsini, yamo kwenye embe pia.

Kanuni ni hiyo: kila kitu ukipe hali na mahali. Si msonobari, ni ubao mpya wa msonobari siku fundi anapopiga randa. Si nyasi, ni nyasi za uwanja wa shule Jumatatu wakati waliochelewa wanafyeka. Ukikwama, sema "ukakasi" kwa Kiswahili, uufuate na ishara ya vidole vinavyosuguana.

Kisha kunywa, na umeze. Waonja mvinyo hutema. Waonja bia humeza, nami naliona hilo kuwa hoja kuu upande wao. Uchungu utakuja kwa kuchelewa, kama mdai mstaarabu: utamu wa kimea unapita kwanza, unadhani umesalimika, halafu nyuma ya koo kuna mtu anabisha hodi. Kinywa cha binadamu kina aina kama 25 za vipokezi vya uchungu, na kazi yake ya asili ni kupiga kelele kwamba hii ni sumu. Baadhi yake vitapiga kelele sasa hivi. Uso wako usijue. Fikiria shangazi amesimama pale.

Funda la tatu ni laini kuliko la kwanza. Hii si imani, ulimi unachoka. Kwenye hali hiyo watu hujikuta wanasifia kwa dhati, na wewe pia utajikuta, kwa hiyo kumbuka kwamba Tusker uliyoizoea ina asilimia 4.2 na hii ina 8. Glasi mbili zake ni kama nne za kwenu, na funguo za gari ziko mfukoni mwako. Zitoe, mpe asiyekunywa.

Ukipewa kopo la kwenda nalo, usilihifadhi kwa ajili ya sikukuu. Harufu ya hopsi inakufa haraka. Kopo la Krismasi litafika Pasaka likinuka boksi. Vilevile usiweke bia juani kwenye glasi. Mwanga huvunja asidi zake na kuleta harufu ya kicheche.

Mwishoni utaulizwa swali lenyewe, lile ambalo watu wanne walinyamazia: umeonja nini hasa? Weka glasi chini. Lamba meno. Sema ukweli, polepole: "Mwarobaini."

Mwenye nyumba atatoa simu aandike. Mtajie herufi moja moja. Atauliza kama ni hopsi mpya, na inalimwa bonde gani.

Mwambie Tanga.