Ziwa Lilipewa Likizo, Meneja Je?

Jirani yetu karudi Kasingirima, Kigoma, kutoka Dar es Salaam. Alikuwa meneja, sasa yupo barazani, anasema "anajitafuta". Shangazi akashangaa: umepotelea wapi, baba, na stesheni umeshukia ileile?

Tusimcheke. Ziwa Tanganyika lenyewe, pamoja na kina chake cha mita 1,470, lilichoka. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zikakubaliana lipumzishwe, na mwaka 2024 likafungwa kwa wavuvi toka Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaane. Nchi nne kuliombea ziwa ruhusa! Jirani yetu siku zake 28 za likizo ya kisheria aliziomba mara tatu, akaambiwa asubiri "msimu wa hesabu" upite. Haukupita.

Wavuvi wa dagaa hawajawahi kuhudhuria semina ya maisha. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti kitu, basi wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala. Hakuna anayewaita wavivu (wake zao tusiwahesabu).

Jana jirani kamtangazia shangazi kwamba sasa mafanikio kwake ni utulivu wa nafsi. Shangazi akamsogezea beseni la migebuka.

"Vizuri, mwanangu. Basi para magamba, taratibu."