Sifa Zake Kausha Damu

Kati ya wote walioahidi siku ya mahafali kwamba hawatanisahau, aliyetimiza ni mmoja, naye si mtu. Ni mkopo wa simu, ule ambao mtaani Dar es Salaam tumeuita kausha damu, jina la dharau ambalo leo nataka kulisafisha. Mwenzangu huyu hunisalimia saa kumi alfajiri, mwadhini bado hajawasha kipaza sauti: "Ndugu mteja, rejesho lako ni leo." Wazazi wangu wenyewe hunisalimia Jumapili tu, tena wakiwa na salio.

Fadhila zake ndogondogo nazipitia haraka. Amenipunguza uzito. Amenirudisha kwenye mwendo wa miguu, Kimara hadi Ubungo. Amenifundisha hesabu ambazo shahada ya biashara ya miaka mitatu ilizikwepa: niliomba laki moja, ikaingia elfu sabini, na baada ya siku saba nikadaiwa laki na elfu tano.

Lakini fadhila yake kuu ni kuunga udugu. Siku ya kwanza nilipochelewa, hakunisema pembeni. Alifungua majina yote yaliyomo kwenye simu yangu (ruhusa nilimpa mwenyewe, nilibonyeza "Kubali" bila kusoma) akawaandikia mmoja mmoja kwamba nimewaweka wadhamini. Ndani ya saa moja ukoo ukafufuka. Mjomba wa Kilosa, tuliyenyamaziana tangu ule ugomvi wa kiwanja, akapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi unaniweka mimi mdhamini, nina nini?"

Tukaongea dakika ishirini, tukafika hadi kwenye kiwanja, na kiwanja kikaisha. Mwalimu wangu wa Kemia akanipa pole na kuuliza kama bado nachanganya asidi na besi. Fundi friji akakumbuka kwamba yeye naye ana elfu kumi yangu, akazima simu. Mtu niliyemhifadhi kwa jina la Usipokee alipiga, nikapokea. Hata mama wa binti ninayetaka kumposa, ambaye mwaka mzima nilikuwa natafuta namna ya kujitambulisha kwake, alinijua siku hiyo jina, kazi na kiasi ninachodaiwa. Hakuna msiba uliowahi kukusanya watu wale wote, na huu haukuhitaji hata turubai.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, niliipitia kwa kidole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya kidato cha nne. Nilipomkuta rafiki yangu, nilifurahi kidogo. Kisha nikajiuliza: sasa usiku nitamwamsha nani?

Maana sisi tulijuana usiku. Mdogo wangu alianguka na bodaboda, mkono ukapinda pasipopindika, na dirishani hospitalini wakataka kianzio cha elfu sitini kabla ya kupiga picha. Mimi nilikuwa mwezi wa pili bila mshahara. Hati ya mshahara ndiyo ilikuwa imefika, nzuri, ina nembo, na makato ya Bodi ya Mikopo yamekaa mahali pake: yale ya asilimia 15 yaliyokuwa 8 mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Kilichokosekana ni mshahara wenyewe. Nikampigia mhasibu. "Tuvumiliane," akasema, "bosi hajasaini." Nikampigia kaka yangu, akasema ataangalia, nadhani mpaka leo anaangalia. Kausha damu alichukua dakika tatu, wala hakuniuliza kwa nini sijaweka akiba.

Wahenga waliosema kukopa harusi kulipa matanga hawakufanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nisingekopa, kama ningelipwa! Mimi nikichelewa siku moja, Kilosa nzima inajua. Mwajiri akichelewa siku sitini, tunakatiwa keki ya kuadhimisha miaka kumi ya kampuni na kuombwa tupige makofi. Nilipiga, tena keki nikala vipande viwili, maana ndiyo ilikuwa chakula cha mchana. Ila nikiwa natafuna nilipiga na hesabu. Kwa viwango vya rafiki yangu, nusu ya deni kila wiki, mshahara wangu mmoja umechelewa wiki nane na wa pili wiki nne. Mishahara hiyo miwili ingekuwa imezaa mingine sita, bila riba juu ya riba. Faini sijagusa. Ujumbe wa alfajiri kwa mke wa bosi, mchungaji wake na wajumbe wote wa kamati ya harusi ya mwanawe sijagusa.

Huo ujumbe, kusema kweli, nimeshauandika. "Ndugu, mwajiri wetu amekuweka mdhamini wa mishahara yetu miwili. Tafadhali mkumbushe." Namba ninazo: kamati ya harusi ilituunga wafanyakazi wote kwenye kundi lake la WhatsApp ili tuchangie. Kinachonikwamisha ni bando. Na hapa ninapoandika simu imetetema: "Hongera! Umefuzu kukopa shilingi elfu tano."