Bibi wa Benchi

Sina uhasama na washauri nasaha, wala sikatai kwamba maradhi ya nafsi ni maradhi kama homa na yanastahiki tabibu. Lakini hunistaajabisha taadhima tunayompa mtu wa kutusikiliza kwa saa moja iliyolipiwa, ilhali shangazi aliyekuwa akitusikiliza bure, huku akichambua mchele na kutukatiza kila alipoona tunajidanganya, simu zake hatupokei. Huko Harare, tabibu Dixon Chibanda, alipoona kwamba wenye dhiki ni wengi na matabibu wa akili ni haba, mwaka 2006 aliwafunza mabibi wa mtaani, akawaketisha juu ya mabenchi ya mbao nje ya zahanati ili wawasikilize. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukathibitisha kuwa sonona ilipungua kwa walioketi nao. Ulimwengu ukastaajabu! Kumbe bibi, akishapewa mafunzo na benchi, naye huhesabika kuwa mtaalamu. Basi aliyeelemewa kweli na amwendee tabibu, bila ya haya. Ama aliyenuniwa na wifi yake siku mbili, kabla ya kuweka miadi ya mwezi ujao, na avuke ua akamwulize huyo wifi kakosewa nini.