Mkwe Yuko Juu ya Paa

Mbale hakuna ziwa. Kuna mlima, kuna ukingo wa Wanale unaomwaga maporomoko mvua ikinyesha, na kuna mto Nabuyonga ambao siku nyingi za mwaka mtoto anauvuka bila kulowesha kaptula. Ndiyo maana nikimwambia mtu sokoni kwamba mume wangu ni askari wa majini, huangua kicheko. "Maji gani, mama? Uganda ina bahari?"

Haina. Ina Ziwa Viktoria, kilomita za mraba zipatazo 68,800 tunazogawana na Tanzania na Kenya, na tangu 2017 jeshi lilipopewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu, wanaume wengi wa bara wamejifunza kulala botini. Bahari nayo wanaijua. Wanajeshi wa Uganda waliingia Mogadishu Machi 2007, na wa majini walikuwamo katika ulinzi wa bandari ile. Wangu alikwenda zamu huko, akarudi na tabia ya kuuliza maji yametoka wapi kabla hajayanywa.

Namwita Afande. Ilianza kama mzaha, sasa hata watoto wanamwita hivyo. Yeye Mugisu wa hapa Mbale, mimi Musoga wa Jinja, na nyumbani tunaongea Kiswahili, lugha ya kambi tangu enzi za King's African Rifles, ambao batalioni yao ya Uganda ilikaa Jinja. Mama yangu hakipendi hicho Kiswahili chetu. Anasema kinajua kuamuru tu, kuomba hakijui. Yeye chake alikipata kwa baba, na baba alikipata Mwanza.

Maana mimi nimezaliwa katika kungoja. Baba alikuwa baharia wa meli za reli, zile zilizopakia mabehewa mazima mazima gatini na kuyavusha kati ya Jinja, Port Bell, Kisumu na Mwanza. Safari yenyewe haikuwa ndefu. Kilichokuwa kirefu ni kusubiri mabehewa ya kurudi nayo. Mama alikaa Walukuba na watoto, bila simu, bila barua. Bomba likipasuka, alilifunga kwa mpira wa baiskeli. Baba akirudi alikuta bomba linafanya kazi, akala, akalala. "Baba yako hakunifundisha chochote kuhusu bomba," mama hupenda kusema, "na ndiyo maana tuliishi kwa amani."

Mimi nafundishwa. Vitu vya nyumba yangu vina akili: Afande akiwapo havithubutu. Friji inaganda, kitasa cha jikoni kinafunga, mbuzi yuko kwenye kamba. Teksi yake ikishapita Tirinyi kuelekea Jinja, kila kitu kinakohoa kwa zamu. Nampigia, hapatikani. Yuko kisiwani, Sigulu au Lolwe au pengine, jeshi halisemi, na upande ule wa mpakani simu mara nyingi hunasa mtandao wa Kenya au hainasi wowote. Namwachia ujumbe. Naye ni mtu wa wajibu, hujibu kila kitu kwa mpangilio, ila majibu hukaa huko kwenye simu yake hadi boti ifike penye mtandao. Hivyo dawa ya friji hunifikia nikiwa nahangaika na mbuzi, na ya mbuzi hufika tumeshamla.

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, Nabuyonga na Namatala zilifurika na kuua watu mjini hapa. Sisi tulinusurika kwa kuwa nyumba iko mwinuko kidogo. Mabomba makubwa ya maji ya mji yalisombwa, tukawa tunapanga foleni na madumu. Ujumbe wa Afande uliingia wakati tope limeshaanza kupasuka kwa jua: "Nimesikia mvua ni kubwa. Pandisheni godoro juu ya kabati." Nilicheka peke yangu foleni nzima ikanigeukia, kisha nikalia. Pesa niliyokuwa nimeweka ya sofa nikanunulia tangi la maji. Fundi akaliweka juu, karibu na paa, akaunganisha mabomba, akaondoka. Tangi hilo ndilo lililomleta mama kutoka Jinja hadi Mbale.

Kile kiboya kinachozuia maji tangi likijaa kilikwama. Maji yakafurika, yakaingia chini ya bati, dari ya chumba cha kulala ikashuka kipande kimoja juu ya kitanda. Nikamwandikia Afande. Kimya. Nikamwandikia tena. Kwa wakati huo mtoto mdogo alikuwa na malaria, mimi sijalala, nikampigia mama. Mama hakuuliza swali. Alipanda teksi ya asubuhi, akashuka na begi, nanasi mbili na koleo ya baba.

Msomaji wa kwetu ameshaona tatizo liko wapi. Kwa Wasoga na kwa Wagisu vilevile, mama mkwe na mkwewe hawaonani hivihivi, hawagusani, na kulala chini ya paa moja ni jambo lisilotajwa. Majirani zetu Waganda husema atakayeuvunja mwiko huo atatetemeka mikono. Ila Afande alikuwa ziwani, hana likizo hadi mwezi ujao. Mama akaleta fundi mwingine, mzee mmoja wa Namakwekwe, wakahamisha koki na kubadilisha njia ya maji. Kiboya peke yake ndicho kilichobaki kinasubiri kipuri.

Likizo ikatolewa mapema. Afande akapata lifti ya boti, kisha lori hadi Jinja, kisha teksi ya mwisho, na simu imekwisha chaji. Alipogonga mlango umeme ulikuwa umekatika na mvua inapiga mabati. Mama alikuwa amelala sebuleni, kwa sababu vyumbani kunavuja. Mlango wa nyuma tulikuwa tumeuziba kwa godoro lililolowa na mabeseni.

"Nani?"

"Fungua, mama watoto. Ni mimi."

Sijapata kumwona mama akienda kasi namna ile. Alijifunika shuka gubigubi akajibanza nyuma ya kiti kikubwa, akabaki kama gunia la mihogo linalopumua. Nikafungua mlango nusu. "Afande, usiingie. Mama yumo."

Mtu aliyezoea mawimbi ya ziwa usiku alirudi nyuma hadi akashuka ngazi za baraza, akasimama mvuani na begi kichwani.

Wakaanza kuongea kupitia kwa kijana wetu wa darasa la tano, aliyekimbia kati ya kiti na baraza akifurahi kupita kiasi. Salamu kwanza, za kwenu, za safari, za wagonjwa, zote kamili, hakuna iliyorukwa kwa sababu ya mvua. Afande akatuma ndani samaki aliowanunua Jinja, ngege watatu. Shuka likanusa. Mama amekulia Masese, kwa samaki hadanganywi.

"Mwulizeni mkwe wangu," shuka likasema, "huyu mdogo amefika kipimo?"

Naomba ieleweke uzito wa swali hilo. Ngege wa chini ya inchi 11 haruhusiwi kuvuliwa, kama mputa, yaani sangara, wa chini ya inchi 20, na Afande analipwa mshahara kuhakikisha hivyo. Aliomba rula. Kijana akampelekea ya shule, ya sentimita 30, na pale barazani, kwa tochi ya simu yangu, mume wangu akampima samaki kutoka mdomoni hadi mkiani. Ishirini na tisa. Akampima tena kijana akiwa shahidi. Matokeo yakapelekwa nyuma ya kiti, yakapokelewa bila maoni.

Ndipo maji yakaanza kudondoka sebuleni. Afande akasikia mabeseni, na kwa kuwa haruhusiwi kuingia ndani, akaona paa ni nje. Alipanda. Tukasikia buti zikitembea juu ya bati, hatua kwa hatua, mpaka zikasimama sawasawa juu ya kiti.

"Mkwe yuko juu ya kichwa changu!" mama akapiga kelele. Shuka likahamia upande wa pili. Buti nazo, zikifuata bomba, zikahamia upande wa pili.

Wakati huo simu yangu ikalia mfululizo. Ujumbe wa wiki nzima, alioutuma Afande kabla simu yake haijazima, ulikuwa umepata njia. Nikatoka barazani nikamsomea kwa sauti: "Usipande juu wakati wa mvua."

"Nani kasema?"

"Wewe." Nikaendelea. "Funga koki ya chini, upande wa jiko, zungusha kulia."

Kimya juu ya bati. Kisha: "Koki ya chini iko wapi?"

Hakuwa anaijua tena nyumba yake. Jibu likatoka ndani, kupitia kwa kijana: koki ilishahamishwa, iko ukutani nyuma ya bafu, na inazungushwa kushoto. Maji yakakatika mara moja.

Afande alilala kwa jirani. Alfajiri mama alipanda teksi ya kwanza na ngege wawili, mkubwa na yule aliyepimwa. Koleo akaiacha.

Wazee walipoulizwa kama simu nayo ni kuonana, walibishana, wakakubali kwamba sauti si sura. Afande akampigia mama Jinja kuuliza kuhusu kipuri, wakaongea kuhusu mabomba mpaka salio likaisha. Tangu hapo wanaongea, akiwa kazini, akipata mtandao wa kubahatisha. Mimi sipigiwi tena kuhusu koki. Juzi bomba la jikoni limelegea, nikamwandikia Afande kama kawaida, na kabla ya jioni mama akapiga simu kutoka Walukuba: "Mkwe wangu anasema ukaze kwa koleo. Mimi nasema usiguse, niko njiani."