Sifa za Kupaka Rangi Dirisha Jeusi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu nitakayemsifu leo hana cha kuharibu, maana tembo lake lilikuwa maji tangu lilipogemwa. Nazungumzia kazi ya kurekebisha rangi za terminali, lile dirisha jeusi ambamo mafundi wa kompyuta huandika amri badala ya kubofya picha. Hakuna mwajiri anayeitangaza kazi hii wala mteja anayeilipia. Hata hivyo hufanywa kwa bidii, hadi usiku wa manane, na watu ambao ripoti ya mwezi imewashinda. Kazi inayopendwa hivyo bila ujira yafaa isifiwe hadharani.

Tuanze na nasaba. Mashine iliyozieneza amri ambazo programu huitumia terminali ni VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, na yenyewe haikuwa na rangi: ilionyesha maandishi meupe juu ya weusi, basi. Babu hakuacha rangi, aliacha njia ya kuziomba. Programu hutuma herufi namba 27, ile ya Escape, kisha bano la mraba la kufungua, namba na herufi m. Ukiandika 31 maandishi yanakuwa mekundu, 32 kijani, 34 buluu, na 0 hurudisha hali ya kawaida. Ukisahau hiyo 0, wekundu hauna breki. Utapaka kila kitakachofuata, hata kisichohusika na kosa lolote.

Sasa tazama ukarimu wa mfumo huu. Ile 31 inasema nyekundu, lakini haisemi nyekundu ipi. Kila terminali hujiamulia. Ndiyo maana kwenye kompyuta za IBM za miaka ya 1980 manjano iliyofifia ilitokea kahawia, na watu wakaizoea. Kwingine duniani mtu akiagiza manjano akaletewa kahawia hugomba. Hapa hufungua faili la mipangilio na kuanza kazi.

Lakini taji la sifa zote naliweka kwenye buluu. Waliopanga mambo kwenye mfumo wa Linux waliamua kwamba amri ya ls, ile inayoorodhesha yaliyomo, iandike majina ya folda kwa buluu iliyokolea. Juu ya nini? Juu ya nyeusi. Jicho la binadamu hupata mwanga mdogo mno kutoka kwenye buluu: kwa kipimo kinachotumika kwenye televisheni za HD, katika ung'avu wa nyeupe kijani huchangia asilimia 72 hivi, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Kwa hiyo folda, ambazo ndizo mtu anazozitafuta kila dakika, zikapewa rangi isiyoonekana. Naiheshimu hekima hii. Imewafundisha watu wazima kuinama mbele ya skrini kwa unyenyekevu ambao hata wazazi wao hawakuupata kwao. Microsoft wenyewe walisalimu amri mwaka 2017, wakaiondoa buluu yao ya zamani, yenye vipimo vya nyekundu, kijani na buluu vya 0, 0, 128, wakaweka ya 0, 55, 218, na maandishi yakaanza kusomeka. Wapo wanaoita hayo maendeleo. Mimi naona wamewanyima watumiaji mazoezi ya shingo.

Rangi nazo zimezaana. Zilikuwa 8, zikawa 16, zikafika 256, na leo terminali nyingi zinaweza kuonyesha 16,777,216. Mtu aliyekuwa akibishana na nafsi yake juu ya rangi nane sasa ana neema ya kubishana juu ya milioni kumi na sita na ushee, na umri wake hautoshi kuzimaliza. Ni riziki isiyokauka.

Kwa wasio na umri wa kutosha, wakarimu wametoa mandhari zilizokwisha tengenezwa. Ethan Schoonover alitoa Solarized mwaka 2011, rangi 16 zilizopangwa kwa kupima ung'avu wake, na kwa kweli ni nzuri. Uzuri wenyewe una ucheshi. Nafasi kadhaa zilizokusudiwa rangi angavu humo zimepewa vijivu, na ile ya nyeusi angavu imepewa rangi ileile ya mandharinyuma ya giza. Programu ikiamua kuandika ujumbe wake kwa nyeusi angavu, ujumbe umeandikwa, upo, na hakuna atakayeuona. Fundi atatafuta kosa kwenye programu, kisha kwenye seva, kisha kwenye intaneti, na njiani atajifunza mambo ambayo hakuna kozi ingemfunza.

Nisisahau pia kupaka rangi ule mstari mfupi unaomngoja mtu aandike amri. Katika bash, programu inayozipokea amri hizo, alama za rangi zisipofungwa kwa \[ na \], bash huzihesabu kama herufi zinazochukua nafasi. Basi amri ikirefuka, haishuki mstari wa chini inavyotakiwa: inarudi mwanzo wa mstari uleule na kujiandika juu yake yenyewe. Kwa gharama ya mabano mawili, mtu amenunua wiki ya mashaka.

Na wanaochukia rangi? Nao hawakuachwa nyuma. Mwaka 2017 lilitolewa pendekezo la NO_COLOR: weka jina hilo kwenye mipangilio yako, na programu zinazolitambua zitaandika bila rangi. Zisizolitambua zitaendelea kung'aa, nawe utazishughulikia moja baada ya nyingine. Hata anayezikimbia rangi, basi, hana budi kuzirekebisha.

Niweke mzaha pembeni kidogo. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, karibu 1 kati ya 12 hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani, na ndizo rangi ambazo Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, hutumia kuonyesha mistari iliyofutwa na iliyoongezwa. Kwa mtu huyo, kubadilisha kijani iwe buluu inayosomeka ni sehemu ya kazi yenyewe, na amri moja ya git config inatosha. Sisi wengine hatuna kisingizio hicho, na ndiyo maana tunaifanya kwa mapenzi.

Basi ukimkuta mwenzako ofisini saa tano asubuhi akipima kijivu kimoja dhidi ya kingine, usimkatize. Muombe faili lake la mipangilio, kwa sababu huenda buluu yake inasomeka kuliko yako.