Sheria za Meli ya Mkopo

Mchezo wa Traveller ulitoka Marekani mwaka 1977, vijitabu vitatu vyeusi ndani ya kisanduku, na ndio mchezo pekee ninaoujua ambao mtu anaweza kufa kabla haujaanza. Unakaa mezani na dadu mbili, karatasi na penseli, unatunga mhusika wako: kijana wa miaka 18 anayeingia jeshini, kwenye biashara au kwa maskauti wa anga za mbali. Kila baada ya miaka minne ya utumishi unarusha dadu kuona kama yuko hai. Skauti asiye na nyongeza yoyote anahitaji saba kwenda juu, yaani nafasi 21 kati ya 36. Shemeji yangu, mume wa dada, alimkuza skauti wake mpaka miaka 30, akampa kovu la shavuni na mchumba wa kueleweka, kisha akarusha dadu, zikaja nne. Mchumba akabaki na pete, sisi tukabaki na karatasi ya kufungia karanga.

Marc Miller, mtunzi wa mchezo, anaonekana naye alikuwa na shemeji wa aina hiyo, maana toleo la 1981 linatoa hiari: aliyeshindwa hafi, anaumia na kuachishwa kazi. Tuliipokea kwa mikono miwili, tukaongeza kifungu chetu kwamba asife mtu yeyote kabla chai haijamiminwa. Shemeji aliomba na kifuta jasho. Nikamkatalia. Refa ni mimi, kwa sababu baraza ni la kwetu.

Vifungu vingine havihitaji maelezo marefu. Dadu iliyoanguka sakafuni haihesabiki, na iliyoingia kwenye kachumbari inahesabika ikishapanguswa. Umeme ukikatika hapa, na kwenye meli unakatika. Cha umeme kililetwa na mwalimu wa hesabu wa jirani, aliyedai kwamba uniti za LUKU zinaniishia kila maharamia wangu wanapozidiwa. Ni uzushi, lakini tangu hapo wageni wanachanga hela ya umeme kabla ya kukaa, kwa hiyo sikubishana naye sana.

Kifungu cha abiria wa barafu ndicho kilichotugharimu. Msafiri asiye na hela ndani ya Traveller hulipa krediti 1,000, anagandishwa kama samaki wa feri, na meli ikifika anaamshwa. Akirushiwa dadu zikaja tano au zaidi, anaamka. Zikija pungufu, ndiyo basi. Yaani mmoja kati ya sita haamki. Vitabu vyenyewe vimeweka na bahati nasibu: kila anayelala anachangia na kubashiri ni wangapi watakaoamka, na mshindi akiwa miongoni mwa wasioamka, hela ni za nahodha.

Nahodha alikuwa shemeji. Jioni ile alikuwa amesimama, dadu mkononi, akiomba kwa sauti ya juu: "Mmoja tu afe, jamani, mmoja tu!" Dadu zikaja tatu, akashangilia. Mama akatoka jikoni na mwiko.

"Nani kafa?"

Shemeji aliketi taratibu mno kwa mtu wa umri wake. Mbele ya mama mkwe hata kucheka hucheka kwa kipimo. "Shikamoo mama," akasema, ingawa walishaamkiana mchana.

"Marahaba. Nimeuliza nani kafa."

"Abiria, mama. Alikuwa kwenye barafu."

Mama alitazama simu zetu, akatazama nyuso zetu, akarudi ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga khanga ya msibani na ana noti mkononi, anauliza msiba uko mtaa gani. Mwalimu wa hesabu akaanza kumweleza habari za paseki na hidrojeni. Bahati nasibu ilifutwa usiku huohuo, kwa kauli moja, nahodha akiwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Lakini kinachotutoa jasho si kifo, ni deni. Meli ndogo ya biashara ya tani 200 inauzwa krediti 37,080,000. Unatanguliza asilimia 20, kisha unalipa 154,500 kila mwezi kwa miezi 480. Miaka arobaini! Ukimaliza umelipa zaidi ya mara mbili ya bei. Watu wazima wenye mikopo ya bodaboda, ya bati na ya ada wanakuja barazani wapumzike, wanapewa ulimwengu mzima wenye majua mawili na mahekalu ya viumbe wasiojulikana, nao wanauliza bei ya mzigo bandarini. Mahekalu niliyoyachora kwa wiki nzima yalipitwa kwa sababu hayakuwa njiani.

Mbaya zaidi, mmoja wetu ni afisa mikopo. Anacheza kama mhandisi wa meli, lakini kila shemeji akipendekeza tuhamie nyota ya mbali tumkimbie mdai, dada huyu anaweka kalamu chini na kusema, "Shem, mkopo haufi." Ndipo tukaweka kifungu: marejesho yatalipwa kimya kimya mwanzoni mwa kikao, na neno riba lisitajwe tena mpaka maandazi yaishe.

Kifungu kilidumu mpaka shemeji alipoanzisha upatu na manahodha wengine wa bandarini, yeye mwenyewe akiwa kijumbe. Kwenye Traveller hakuna simu ya kuvuka kutoka nyota hadi nyota. Habari husafiri na meli, na kila mruko unachukua kama wiki nzima. Meli yetu inaruka umbali wa paseki moja kwa mruko. Nahodha aliyepokea wa kwanza alikuwa na meli ya kuruka mbili.

Sasa wanachama watano wanamdai kijumbe, naye ananidai mimi, refa, eti nilimnyima nafasi ya kurusha dadu za kumshuku mtu. Afisa mikopo ameandika rasimu ya kifungu kipya: kila nahodha atakayejiunga awe na wadhamini wawili na barua ya mtendaji wa mtaa. Mwalimu wa hesabu anauliza huyo mtendaji atakaa sayari ipi. Shemeji ameshajitolea kugombea.